Kapteni na Kamera ya Nje

Jumapili alasiri, shati lake la kazi likiwa limeshapigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango, Kapteni alisogeza kiti nyuma, akakisogeza tena, mpaka mgongo wake ukagusa kabati la vyombo. Hapo ndipo alipopapenda. Usukani mdogo wa kuchezea aliupakata magotini, waya wake umevutika mpaka mwisho, naye akaitazama kompyuta kwa mbali kama mtu anayechungulia mpira kwenye televisheni ya jirani.

"Baba, ukirudi nyuma tena utatokea jikoni," binti yake alimwambia.

"Niache. Ndege inataka nafasi."

Hakuwa kapteni wa kitu chochote kinachoruka. Alikuwa dereva wa basi la kiwanda, lile linalopeleka wafanyakazi wa zamu ya asubuhi na kuwarudisha makwao wale waliokesha. Jina la Kapteni alipewa na abiria wake kwa ajili ya kofia yake na namna alivyokaa kwenye usukani, kifua mbele, kidevu juu, kama anapigwa picha. Alijifanya halipendi, lakini ukimwita kwa jina lake halisi alichelewa kuitika.

Kompyuta ilikuwa ya mtumba, feni yake ikikoroma kama mzee mwenye mafua. Ilikaa sebuleni kati ya kabati na cherehani ya mama, na ndani yake mlikuwa na programu ya kurusha ndege. Haikununuliwa kwa mchezo. Alhamisi ile binti alikuwa afanye mtihani wa kuingia chuo cha urubani, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kukaa mbele ya mashine kama hiyo, kuipaisha ndege, kuizungusha na kuitua, mwalimu amesimama nyuma yako na kalamu. Akifaulu, ada ingekatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wa baba yake. Kiwanda kilikubali, chuo kilikubali. Bila mshahara ule hakuna chuo. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema nyumbani humo. Mtaa mzima ulijua pia. Fundi viatu wa pale kona hakumwacha apite bila kumwambia, "Rubani, ukipita juu ya kibanda changu punguza moto, utanipeperushia soli."

Binti alikuwa akijifunza kwa kukaa ndani, kwenye chumba cha rubani, macho yakihama kutoka kwenye saa za mwendo na kimo kwenda dirishani, kushoto, kulia, kisha kurudi kwenye saa. Baba yake hakuutaka mtazamo huo kabisa. Mara tu ndege ilipoacha ardhi alibonyeza kitufe cha kamera ya nje, akatoka, akaitazama ndege yake kwa nyuma; kisha akairudisha kamera mbali zaidi, na zaidi, mpaka ndege ikawa ndogo kama inzi katikati ya kioo.

"Rubani gani anarusha ndege akiwa nje ya ndege?" binti alimuuliza.

"Rubani mwenye akili. Ikianguka, mimi simo."

Mama alicheka huku akishona. Hata binti alicheka, maana baba yake alikuwa hodari wa majibu. Lakini siku hiyo hakuweza kutulia kwa ajili ya mtihani, na alitaka kuona kile atakachokiona mwalimu akisimama nyuma ya mtahiniwa. Akamwomba baba akae kama mtahiniwa: kiti kisogee mezani kabisa, macho karibu na kioo, na kamera ya nje asiiguse. Kapteni alianza visingizio. Mara kiuno, mara mwanga wa kioo unamuumiza, mara chai haijaja. Binti alikisukuma kiti na mtu akiwa juu yake, kama anayesukuma mkokoteni.

Kupaa alipaa vizuri. Mikono ilikuwa imetulia. Mtu aliyeshika usukani maisha yake yote haogopi usukani wa plastiki. Aligeuka kulia, akazunguka, akarudi kuitafuta njia ya kutua, akaipata mbele yake imenyooka. Binti alikuwa tayari kumpigia makofi. Hapo ndege nyingine ndogo, nyeupe, ikaanza kutambaa ardhini kutoka upande wa kushoto wa kioo, ikija kuingia kwenye njia ile ile. Ilikwenda polepole sana. Kapteni hakupandisha pua ya ndege wala hakugeuza. Alishuka moja kwa moja mpaka zikagongana, na kioo kikawa cheusi.

"Imetokea wapi hiyo?" aliuliza.

Binti alicheka mpaka akashika meza. Akairudisha programu mwanzo wa kutua. Ndege nyeupe ikatoka pale pale, ikatambaa vile vile, na baba yake akaenda nayo kifua mbele, kidevu juu, mpaka kioo kikawa cheusi tena.

"Ilikuwepo, Baba," binti alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Ilikuwepo muda wote."

Kapteni akasema kompyuta za mtumba ndivyo zilivyo, zinaficha vitu. Binti alikishika kipanya, akakipeleka kishale cheupe kwenye ukingo wa kushoto wa kioo, akamwomba baba atazame katikati tu, aseme atakapokiona. Akaanza kukivuta kishale taratibu. Baba yake alikaa kimya. Kishale kikapita mlima, kikapita dirisha la ndege, kikaingia kwenye saa za mbele. Cherehani nayo ilikuwa imenyamaza.

"Hicho hapo," Kapteni akasema, kishale kikiwa karibu mbele ya pua yake. Kisha akageuka mwili mzima kumtazama binti. "Unanipima?"

"Naangalia tu, Baba."

"Unanipima. Mimi. Ndani ya nyumba yangu."

Alisimama akatafuta mlango, na nyonga yake ikagonga kona ya meza ya cherehani, kona ambayo imekuwa pale tangu binti hajazaliwa. Vikorokoro vya kushonea vikamwagika sakafuni. Mama akainama akaviokota kimoja kimoja, wala hakumwuliza mumewe kama ameumia. Kwa ukimya ule binti alielewa kwamba mama yake hakushangaa.

*

Binti alimfuata mama yake uani, ambako alikuwa amekwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa na maji.

Mama hakuzunguka. Alisema baba yako ana presha ya macho. Alikwenda hospitali kwa siri, daktari akamweleza waziwazi: jicho la kushoto limezima karibu lote, la kulia nalo limeanza kufunga upande wa puani, kilichopotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki, na usukani auache. Akatoka kwa daktari akaenda moja kwa moja kuchukua zamu ya jioni. Mkewe aligundua siku mume alipoukwangua ubavu wa basi kwenye nguzo ya lango la kiwanda, akarudi nyumbani akiitukana nguzo kama vile ndiyo iliyomfuata.

"Ndiyo maana unapanda naye basi," binti akasema. "Si wateja."

Mama alikuwa akiondoka kila asubuhi na kikapu cha nguo zilizoshonwa, eti ana wateja karibu na kiwanda. Alikaa kiti cha mbele kando ya mlango. Abiria walikuwa wamemtania mpaka wakachoka: Kapteni haondoki bila bibi harusi.

"Mimi ndiye kushoto kwake," mama alisema. "Namwambia wazi, au namwambia subiri. Basi."

"Na siku utakapochelewa kusema?"

"Sijachelewa."

"Mama, kuna watu kwenye lile basi."

"Najua kuna watu. Yule wa ufungashaji mwenye kucheka sana, mimi ndiye niliyemshonea mwanawe sare. Unadhani nalala?" Alilikamua shati lililokwisha kukamuliwa. "Uingie chuoni kwanza. Wakishakuzoea, wakishaona unaweza, hawatakufukuza. Hapo ataacha. Ameniahidi."

Binti alitaka kusema kwamba hakumwomba mtu amfanyie hivyo. Lakini angekuwa anasema uongo, maana alikuwa ameomba. Si kwa maneno, bali kwa kukaa pale mezani kila siku na kuwaonyesha jinsi anavyotua. Na jambo moja zaidi, ambalo hakumwambia mtu: kwa kitambo kidogo, kama cha kutunga uzi kwenye sindano, aliwaza kwamba mpaka sasa hakuna aliyeumia, na kwamba Alhamisi iko karibu. Wazo lilipita. Lakini lilikuwa lake, halikutoka kwa mwingine, na lilimkosesha raha jioni nzima. Alifungua kitabu, akakifunga. Aliwasha kompyuta, akaizima. Baba yake alirudi, akala akiwa ametazama sahani, akaingia kulala bila kumtakia mtu usiku mwema.

*

Asubuhi binti alipanda basi pamoja nao. Kapteni alimwona akikanyaga ngazi, kwa kuwa alikuwa amegeuza kichwa kizima. Binti aliketi nyuma ya mama yake.

Abiria waliingia kituo kwa kituo wakinukia sabuni na mafuta ya kupaka. Mwanamke wa ufungashaji alipomwona akaangua kicheko. Akasema leo harusi imekuja na msimamizi wake, bado mpiga ngoma. Watu wakacheka, na binti naye akalazimisha meno kutoka. Masikio yake yalikuwa kwa mama. Mama hakugeuza macho kutoka dirishani. Kwenye kila njia panda alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na kikapu chake: "Wazi." Basi likaenda. "Subiri." Basi likasimama, na mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa vyuma akapita mbele ya taa. Kapteni alikuwa ametii haraka kiasi kwamba usingejua nani kati yao ameliona jambo lile kwanza. Kama si kujua, binti angesema baba yake anaendesha vizuri sana. Na ndivyo ilivyomtisha.

Kwenye uwanja wa kiwanda mkuu wa magari alikuwa akiwasubiri, mikono mfukoni. Alikuwa mtu mdogo kwa Kapteni kwa umri, tena aliyewahi kufundishwa na Kapteni kuendesha gari kubwa, na labda kwa sababu hiyo alipenda kusema naye mbele za watu. Aliacha abiria washuke, kisha akamzuia mama kwenye ngazi.

"Mama, shikamoo. Hili ni gari la wafanyakazi. Nimevumilia kwa heshima ya Mzee, lakini nimeletewa malalamiko. Kiti unachokalia kina mwenyewe, anasimama njia nzima. Kuanzia sasa hivi, usipande tena."

"Marahaba. Nina kikapu tu, baba."

"Hata kikapu. Kama mnapendana hivyo, mpendane nyumbani."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mama aliteremka akatengeneza kanga yake begani, akasimama kando ya ukuta, kikapu mikononi, kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa. Kapteni alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele. Waliokesha zamu ya usiku walikuwa wameshaanza kupanda, macho mekundu, wakisukumana kugombea viti vya dirishani wapate kulaza vichwa. Basi likajaa. Mlango ukafungwa.

Binti alibaki chini, upande wa dirisha la dereva. Aliona baba yake akigeuza kichwa kushoto, akakirudisha, akakigeuza tena mbali zaidi mpaka shingo ikakataa. Aliona jasho juu ya mdomo. Injini ilikuwa ikinguruma na basi halikuondoka.

Kapteni aliinamisha kichwa dirishani. Alisema kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akimwambia nayo zamani asimwambie mama kwamba wamekula sukari.

"Kushoto pakoje?"

Binti alichungulia kupitia mbele ya basi. Uwanja ulikuwa mtupu upande ule. Hapakuwa na gari wala mtu. Karatasi moja tu ilikuwa ikiburutwa na upepo. Pangeweza kuwa wazi hivyo mpaka langoni. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilikuwa la kweli. Mama yake, kule ukutani, alikuwa amejua kinachoulizwa na alikuwa akimtazama.

"Mwanangu. Niambie tu hapa. Nikitoka langoni, huko mbele nitajua mwenyewe."

"Hutajua, Baba."

"Pakoje?"

"Sisemi."

Aliona uso wa baba yake ukibadilika, si kwa hasira kwanza, bali kwa kutoelewa, kama mtu aliyenyoosha mkono apewe kikombe na kikombe hakikuja. Ndani ya basi mtu aligonga kioo akasema Kapteni tuko hai bado, twende tukalale. Mwingine akasema amemkosa bibi harusi, leo gari haliwaki. Kapteni aliendelea kumtazama binti yake.

"Unajua unachokikata?" aliuliza.

"Najua."

"Hujui. Wewe ni mtoto."

"Najua, Baba. Chuo. Najua. Zima gari."

Mkuu wa magari alikuja akipiga hatua kubwa akitaka kujua kinachowachelewesha watu. Kapteni alizima injini. Uwanja mzima ukasikika ghafla, mashine za ndani, maji yakimwagika mahali fulani. Akateremka taratibu, akishika kila chuma cha kushikia, akasimama mbele ya mkuu wake na kofia kichwani.

Akasema tumbo linamsumbua.

Mkuu alimtazama. Akasema haya, tumbo si kitu, atamtafuta dereva mwingine wa kuwapeleka hawa, Mzee apumzike, kesho aje kama kawaida. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Binti hakupumua. Baba yake angeweza kupita hapo, na kesho wangeanza upya: labda mama angejificha viti vya nyuma, labda wangetafuta namna nyingine. Binti hakuwa na nguvu ya kukataa mara ya pili. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Kapteni akavua kofia.

"Si tumbo," akasema. "Ni macho. Kushoto sioni. Daktari alinikataza, nami nikaendelea. Mke wangu hakuwa anapenda kupanda. Alikuwa ndiye anayeniangalizia kushoto."

Mkuu wa magari alikuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini hili hakuwa amejiandaa nalo. Alilitazama basi, akaitazama ile mikwaruzo ubavuni ambayo gharama yake aliikata kwenye mshahara wa mlinzi wa lango, eti hakuinua kizuizi vizuri, na uso wake ukaanza kuwa mweusi kwa hasira. Aliuliza kwa sauti ya chini kama Mzee anajua ni watu wangapi anaowabeba. Kapteni akasema anajua. Akaambiwa akae pale kwenye benchi, asiende popote, ofisi itamwita. Hakuitwa Kapteni, wala Mzee.

Maneno yalikuwa yameshaingia ndani ya basi kupitia madirishani. Watu walianza kushuka. Wengine walimpita wakisonya. Mmoja alisema kwa nguvu kwamba ana watoto watatu, na kwamba mtu mzima hovyo. Alikuwa na haki, na Kapteni aliliacha neno limfike. Mwanamke wa ufungashaji, aliyekuwa bado mlangoni mwa kiwanda na habari zimemfikia huko, alirudi. Alimjia kwa kushoto, akamwambia pole. Kapteni hakugeuka, alikuwa akiitazama kofia yake. Mwanamke alisimama, akaonekana kama anayetaka kuudhika. Halafu akaelewa. Akazunguka mbele ya benchi, akaja kwa kulia, akasema pole tena na kumpa mkono. Hakuongeza mzaha. Aliporudi kazini alikuwa anajifuta macho na kisigino cha kiganja, na binti hakuweza kujua kama ni huruma au ni hofu ya asubuhi zote alizocheka njia nzima.

Mama alikuja akaketi, kikapu mapajani. Binti alibaki amesimama, hajui kama ana ruhusa ya kukaa.

"Alhamisi sitakwenda," alisema mwishowe. "Nitatafuta kazi."

"Utakwenda," Kapteni akasema.

"Ya nini, Baba? Hata nikifaulu."

"Utakwenda ufaulu, wakwambie umefaulu, wakuandikie. Kama nafasi itakosekana, ikosekane mbele ya macho yao, waone wanamkosa nani." Aliigeuza kofia mkononi, akaipangusa mahali ambapo haikuwa na vumbi. "Kazi utatafuta Ijumaa. Hata mimi nitatafuta Ijumaa. Wanaajiri walinzi vipofu siku hizi, nasikia; hawaoni wanachoiba wakubwa."

Mama alicheka bila kutaka. Binti hakucheka. Alimwuliza baba yake kama amemkasirikia.

"Sana," Kapteni alisema. "Sijawahi kukasirika hivi tangu niwe mtu. Kwa hiyo usiniambie pole, wala usinishike bega. Kaa hapo, ngoja nimalize kukasirika."

Akamsogelea mkewe ili kumpisha binti. Binti akaketi ukingoni mwa benchi, upande wa kulia wa baba yake, akangoja.